Kabati Namba Saba

Mtu anayekijua chombo chake cha baharini hahitaji alama. Mkono wake wenyewe unajua shakeli za kuungia kamba na minyororo ziko wapi, kurunzi imetundikwa wapi, na ni droo ipi inayokwama mpaka uiinue kidogo. Alama huwekwa kwa ajili ya mgeni aliyepanda jana. Ni saa nane za usiku, chombo kimelalia ubavu, nahodha ameshika usukani na hawezi kuuachia, na kinachotakiwa kinatakiwa sasa hivi. Huyo mgeni ndiye wa kumfikiria kila unapobandika lebo na kila unapoamua kitu kikae wapi. Nimepanda vyombo vilivyopangwa vikapendeza macho, makabati yanang'aa na vishikizo ni vya shaba, lakini ukimtuma mtu koleo anarudi mikono mitupu.

Kazi yangu ni kutunza yoti ya mlingoti mmoja, futi 38, inayotia nanga Kilifi. Wenye chombo huja na kuondoka, na wageni hubadilika karibu kila safari. Kabla ya hapo nilikuwa baharia kwenye majahazi ya mizigo ya Lamu, tukibeba boriti, mawe na mchanga. Kule hukuti lebo hata moja, na hukuti mtu anayetafuta kitu. Amari, kamba ya nanga, iko omo, yaani mbele, imeviringishwa ikiwa tayari kushuka. Kata ya kufulia maji, yaani kuyachota na kuyamwaga nje, iko ngamani, chini kabisa ya chombo, sanduku la mchanga la kupikia liko tezi, yaani nyuma, na akiba ya kamba iko pale ilipokuwa tangu wakati wa baba yake nahodha. Baharia mpya huonyeshwa kwa mkono, akikosea hukemewa, na baada ya safari chache naye anajua. Mpangilio wote unaishi vichwani mwa watu, na watu ni walewale mwaka baada ya mwaka. Yoti haina bahati hiyo. Mikono inabadilika, kwa hiyo kumbukumbu lazima iandikwe kwenye chombo chenyewe.

Jambo la kwanza nililobadilisha nilipoikabidhiwa ni maneno yaliyokuwa milangoni. Kabati moja liliandikwa "Zana", jingine "Chakula", jingine "Kamba". Maneno hayo huwa kweli kwa muda mfupi tu. Safari ikiwa ndefu, chakula huingia kwenye kabati la zana, zana zinahamia chini ya kitanda, na lebo inabaki pale ikimdanganya kila anayeisoma. Afadhali mlango uandikwe kitu kisichobadilika, yaani mahali. Kila kabati, droo, shubaka na kifuniko cha sakafu kikapata namba yake, na orodha ya vilivyomo ikakaa kwenye karatasi pembeni, ambayo kuibadilisha ni kazi ya dakika moja.

Namba zenyewe zina utaratibu. Ukisimama umeelekea omo, upande wa kushoto una namba witiri tupu: 1, 3, 5, 7, zikianzia omo kuja tezi. Upande wa kulia una shufwa: 2, 4, 6, 8. Vilivyo chini ya sakafu vinaanzia 20. Usijaribu kutumia herufi, kwa sababu kushoto na kulia zote zinaanza na K, na usiku wa upepo utasikia "K tatu" halafu mtu asimame katikati ya chumba akiangalia huku na huku. Namba za kushoto ni nyekundu na za kulia ni kijani, kama taa za chombo zinavyotakiwa kuwa kwa kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia migongano baharini. Mgeni akishaambiwa mara moja kuwa kushoto ni nyekundu, amejifunza makabati na taa kwa pamoja. Namba ziwe kubwa, sentimita nne hivi, na zirudiwe kwa ndani ya ukingo wa kabati ili mlango ukiwa wazi bado uzione.

Kuna faida nyingine ya namba ambayo sikuitarajia. Chomboni kwetu wanakutana Mwamu, yaani mtu wa Lamu, Mgiriama na wenye chombo kutoka Ulaya, na kila mmoja ana jina lake la kila kitu. Saba haina ubishi. Nikisema "saba, sanduku la bluu", anayesikia anakwenda kwenye mlango mwekundu wenye namba saba, anakuta sanduku moja tu la bluu, analeta. Sharti ndani ya kabati moja kusiwe na masanduku mawili ya rangi moja.

Orodha yenyewe tumeibandika sehemu mbili, karibu na ngazi ya kushukia ndani na nyuma ya mlango wa choo. Ya chooni ndiyo inayosomwa zaidi. Mtu akikaa pale na karatasi iko mbele ya macho yake ataisoma atake asitake, na siku ya pili utamsikia akimwambia mwenzake bendeji ziko kabati namba nne.

Ukitaka kujua kama mpangilio wako unafaa, keti penye usukani, shika kana, ule mkono wa usukani, na mtume mtu aliyepanda leo vitu vitano bila kunyanyuka na bila kunyoosha kidole: kisu, bendeji, fyuzi ya akiba, kizibo cha mbao, tochi. Fanya mchana chombo kikiwa kimetulia, kisha rudia usiku taa zote zimezimwa. Kila anapokwama ndipo palipobakia kazi. Usimwelezee ukamaliza, maana ukimwelezea umejisaidia wewe. Chukua penseli uandike alipokwama.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo vitabu vya yoti, vingi vikiwa vimeandikwa kwa bahari za mbali, haviwezi kukuambia. Pwani yetu ina pepo mbili kubwa, kusi inayotoka kusini na kaskazi inayotoka kaskazini, na kila moja inakilaza chombo upande wake. Ukitoka Kilifi kwenda Lamu wakati wa kusi, upepo unakujia kutoka nyuma kulia, tanga linatoka kushoto, na chombo kinalalia kushoto njia nzima. Ukirudi wakati wa kaskazi, upepo unatoka nyuma kushoto na chombo kinalalia kulia. Maana yake kwa makabati ni kubwa. Makabati ya upande wa joshi, ule ulioinuka, vitu vyake vimeegemea mlango. Ukifungua, vinakumwagikia miguuni, na sufuria ya chuma ikikupiga kwenye kidole cha mguu utaikumbuka. Makabati ya upande wa demani, ulio chini, vitu vimelala ndani kabisa na hufunguka salama.

Kwa hiyo, kabla ya safari ya kwenda kaskazini na kusi, vitu vya kutumika njiani navihamishia upande mwekundu: vyakula vya kula mkononi, vikombe, nguo za mvua, dawa za kichefuchefu, tochi. Upande wa kijani unafungwa kwa kishikizo na haufunguliwi mpaka tutie nanga. Kurudi na kaskazi, nageuza. Hapa ndipo orodha ya karatasi inapolipa, kwa sababu namba za milango hazibadiliki, inabadilishwa karatasi tu. Nina karatasi mbili zilizokwisha kuandikwa, ya kusi na ya kaskazi, na ninachofanya ni kuzipindua ndani ya bahasha yao ya plastiki.

Uzito una sheria yake ambayo mabaharia wa majahazi wanaijua kuliko mtu yeyote, maana wao huishi kwa kupakia. Vizito viwe chini na viwe katikati, karibu na mlingoti. Omo ikilemewa, chombo kinachimba kila wimbi, na tezi ikilemewa, usukani unakuwa mzito na kasi inapungua. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo madumu matano ya lita 20 ni kilo mia, sawa na watu wazima wawili wembamba wasiosogea. Maji hayo ukiyaweka yote upande mmoja, utayahisi kwenye usukani. Makopo ya chakula tunayaweka chini ya viti vya katikati, zana nzito jirani yake, na vyumba vya omo vinabaki na vyepesi: matanga ya akiba, mito, nguo.

Hayo madumu yanataka kuzungumzwa peke yake. Madukani wanaouza vifaa vya boti wana desturi ya rangi: bluu ya maji, njano ya dizeli, nyekundu ya petroli. Pwani yetu lakini dumu la njano la mafuta ya kupikia la lita 20 linabeba kila kitu, maji ya kunywa, dizeli, petroli, mafuta ya taa, na yote yanafanana. Rangi haitakusaidia kama huna uwezo wa kununua madumu mapya, na usiku rangi haionekani vilevile. Kinachofaa ni alama ya kushika. Kwenye mkono wa dumu la dizeli nimefunga kipande cha kamba chenye fundo moja gumu. La petroli lina mafundo mawili. La maji halifungwi kitu chochote. Mtu akitia mkono gizani na akakuta kamba, anajua kuwa hapa si pa kunywa, na akikuta mafundo mawili anajua aondoe sigara na moto karibu. Na madumu ya mafuta hayalali pamoja na ya maji wala ya chakula, hata kama nafasi ni finyu. Kama huna mahali pengine, yafunge juu ya sitaha.

Mbinu ya kusoma kwa mkono ni ya zamani sana baharini. Kamba ya bildi, ile ya kupimia kina, ya wanamaji wa Kiingereza ilikuwa na alama za vitambaa na ngozi: vipande viwili vya ngozi kwenye pima 2 (pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa), vitatu kwenye pima 3, kitambaa cheupe kwenye pima 5, chekundu kwenye pima 7, na ngozi yenye tundu kwenye pima 10. Vitambaa vilikuwa vya aina mbalimbali ili apimaye kina usiku atambue kwa kupapasa. Hawakuwa na tochi, na bado walijua walipo. Leo tuna tochi ambazo betri zake huisha wakati mbaya kuliko wote, kwa hiyo somo lile bado linafaa.

Mnyororo wa nanga ndipo ninapotumia somo hilo zaidi. Wengi hawaweki alama kabisa, wanakisia kwa macho. Pwani yetu kukisia ni hatari kwa sababu ya bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa sana. Maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na bamvua kubwa hukaribia mita nne. Chukua mfano: umetia nanga maji yakiwa yamekupwa, kina ni mita 3. Maji yakijaa, kina kitakuwa karibu mita 7. Ongeza mita moja kutoka uso wa maji hadi omo, inakuwa 8. Ukitaka mnyororo mara tano ya kina, ambao ndio uchache kwa usiku wenye upepo wa kawaida, unahitaji mita 40. Aliyekisia kwa kina cha mita 3 ametoa 15 au 20, akalala usingizi, na saa sita baadaye chombo kinaivuta nanga kuelekea kwenye mwamba.

Rangi ya kupaka kwenye mnyororo inapendeza wiki chache kisha mchanga unaisugua. Mimi nafunga tai za plastiki, zile za kufungia nyaya, kwenye pete za mnyororo, mkia wake ukiachwa mfupi lakini wenye kushikika: tai moja mita 10, mbili mita 20, tatu mita 30, nne mita 40, nne hizo zikiwa kwenye pete zinazofuatana. Vidole vinazihesabu mnyororo ukipita, hata usiku wa mvua. Zijaribu kwanza kwenye winchi yako ya kuvutia nanga mchana ili uone kama hazikwami. Zikikatika, na zitakatika, kufunga nyingine ni kazi ndogo.

Kuhusu lebo zenyewe, bahari yetu haina huruma. Karatasi inalegea kwa unyevu wa masika, gundi ya selotepu inayeyuka kwa joto la Februari na kuacha utelezi mweusi, na wino wa kalamu ya kawaida isiyofutika unakwisha kwa jua ndani ya miezi. Nilivyoona, kinachodumu juani ni kalamu ya rangi, ile ya kutikisa yenye rangi ya mafuta ndani, juu ya mahali palipofutwa chumvi kwa maji baridi kisha spiriti. Kwa ndani, lebo za mashine ndogo ya kuchapa, zile zenye plastiki juu, zinakaa vizuri sana kama utasafisha kwanza. Kwenye mbao, chonga. Namba iliyochongwa kwa patasi na kujazwa rangi itakuwapo hata baada ya wewe kuondoka, na fundi yeyote wa Matondoni, kijiji cha waunda majahazi kisiwani Lamu, atakuchongea kwa mchana mmoja. Penseli nayo inadharauliwa bure. Maandishi ya penseli juu ya utepe mweupe hayapaushwi na jua wala kufutwa na maji, na kwa kitu kinachobadilika mara kwa mara sina kingine.

Lebo nzuri inasema zaidi ya jina. Koki zilizo chini ya mstari wa maji, zile zinazoingiza maji ya bahari ya kupozea injini na kutoa maji ya sinki na choo, kila moja kwetu ina jina la kazi yake na maneno manne: "Sambamba wazi, kingama imefungwa." Mkono wa koki ukiwa umelala na bomba, maji yanapita, ukikaa kingama, hayapiti. Mgeni hawezi kubahatisha hilo. Dumu dogo la mashine ya dingi (mashua yetu ndogo), mashine ambayo inataka petroli iliyochanganywa na oili kwa kipimo cha 50 kwa 1, limeandikwa ubavuni: "Petroli lita 5, oili mililita 100." Mlango wa mtungi wa gesi umeandikwa "Funga ukimaliza kupika". Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka ngamani kama maji na kukaa pale ikingoja cheche, ndiyo maana sanduku la mtungi lazima liwe na tundu la kutolea gesi nje ya chombo, na tundu hilo lisizibwe na kamba wala tambara. Nimelikuta limezibwa kwenye vyombo vya watu makini kabisa, kwa sababu tu mtu alipata nafasi ya kusukumia kitu.

Nikiwa bado kwenye koki: kando ya kila moja kuna kizibo cha mbao laini, chenye umbo la karoti, kimefungwa palepale kwa uzi. Kisiwe kwenye sanduku la zana. Bomba likipasuka au koki ikikatika, tundu la milimita 38 lililo sentimita 60 chini ya maji linaingiza zaidi ya lita 100 kwa dakika. Muda ambao mtu angetumia kwenda kabati namba kumi na kupekua, maji yamefika sakafuni na koki haionekani tena. Kizibo kikiwa palepale, anakishika, anakisukuma, anakipiga kwa nyundo au kwa chochote, basi. Uzi uwe mwembamba wa kukatika ukivutwa kwa nguvu.

Vipuri vya injini nilikuwa nikivipanga kama vinavyopangwa dukani, filta pamoja, mikanda pamoja, klempu pamoja. Fundi mmoja wa meli Mombasa, mzee wa makamo, aliniangalia nikitafuta akaniambia: "Kijana, injini haiharibiki kwa aina. Inaharibika kwa kazi." Tangu siku ile kila kazi ina mfuko wake. Mfuko wa impela ya pampu ya maji, yaani kigurudumu chenye mapanga kinachosukuma maji, una impela, gasketi yake, grisi kidogo, bisibisi inayoingia kwenye skrubu zile, skrubu mbili za akiba kwa sababu lazima moja itadondoka ngamani, na picha iliyochapwa inayoonyesha mapanga ya impela yanakunjika kuelekea wapi. Mfuko wa filta ya dizeli una filta, spana, kitambaa, kikombe cha kukingia na mfuko wa taka. Spana imezungushiwa utepe wa rangi ileile iliyopakwa kwenye nati inayoihusu. Injini ikizimika kwenye mlango wa hori na miamba iko upande wa demani, unachukua mfuko mmoja tu na kuinama kazini. Ukimaliza, mfuko unarudi ukiwa na kipande cha utepe mwekundu mdomoni, ishara kuwa kuna kilichotumika na kinahitaji kununuliwa.

Chakula kina mambo yake, nitataja machache. Makasha ya karatasi ngumu yasipande chomboni kabisa. Mende hutaga ndani ya mikunjo yake, na mende wakishaingia kwenye yoti kuwatoa ni vita. Vitu vyote vinahamishwa gatini na kutiwa kwenye makopo yenye vifuniko. Makopo ya bati yanavuliwa karatasi zake kabla ya kushushwa chini ya viti, kwa sababu maji yakiingia karatasi hubanduka, hukusanyika ngamani na kuziba pampu. Kila kopo linaandikwa juu na chini kwa kalamu isiyofutika: maharage, nyanya, tuna, na mwezi wa kuisha muda. Chupa za kioo zinavishwa soksi. Ukilala usiku na kusikia kitu kinagonga, amka ukitafute. Kinachogonga leo kimelegea, na kilicholegea kitatoka siku ya mawimbi makubwa.

Nyaya za umeme sitazieleza kwa urefu. Kila waya uwe na lebo kwenye ncha zake zote mbili, iliyofunikwa na mpira mwangavu unaosinyaa ukipashwa moto, na picha ya ubao wa swichi iwe nyuma ya ubao wenyewe. Zana za chuma, simu na spika zikae mbali na dira. Nimeshuhudia dira ikipotoka kwa digrii kadhaa kwa ajili ya kisu kilichowekwa kwenye shubaka la chini yake, na shubaka lile sasa limeandikwa "Hapa pasikae chuma."

Limebaki lile ambalo sina subira nalo. Jaketi za kuokolea maisha. Kwenye vyombo vya abiria vya pwani hii bado naziona zimefungwa furushi moja kwa kamba, zimesukumwa chini ya mabenchi, wakati mwingine bado ziko kwenye nailoni zake za dukani. Wanaofanya hivyo wanasema wanazilinda zisiibwe na zisichafuke. Hakuna mtoto aliyewahi kufungua fundo la kamba iliyolowa chombo kikizama. Jaketi lisiloweza kufikiwa kwa hatua tatu halimo chomboni, lihesabiwe kama halipo. Kwetu kila mtu anapewa jaketi lake kabla kamba ya mwisho haijafunguliwa, linarekebishwa mikanda mwilini mwake, na jina lake linaandikwa kwa penseli kwenye utepe mweupe kifuani. Linatundikwa kwenye ndoano yenye namba ileile. Ya watoto yana ndoano za chini, ili mtoto alifikie mwenyewe. Filimbi na taa yake vinakaguliwa pale pale, mbele ya atakayelivaa.

Vitu vya dharura vingine navyo havikai nyuma ya milango. Kisu kimoja kiko kwenye mlingoti na kingine penye usukani, kila kimoja na ala yake na kamba yake. Kizima moto kiko karibu na ngazi, si juu ya jiko, kwa maana moto ukianza jikoni hutaweza kuupita ukakichukue. Fataki za kuomba msaada ziko kwenye pipa la rangi ya machungwa lisilopitisha maji, na juu ya mfuniko kuna mwaka wa kuisha muda kwa namba kubwa. Nyingi hupewa miaka 3 hivi tangu kutengenezwa, na muda ukipita huwezi kuzitegemea. Kando ya redio ya VHF, ile ya kuzungumza na vyombo vingine na pwani, kuna kadi iliyoandikwa kwa Kiswahili na Kiingereza: washa, chaneli 16, bonyeza, sema Mayday mara tatu, jina la chombo mara tatu, mahali mlipo, kimetokea nini, mko watu wangapi, achia kitufe usikilize. Nahodha ndiye anayeweza kuwa ameumia, kwa hiyo kadi imeandikwa kwa mtu ambaye hajawahi kushika redio maishani mwake. Mwombe mgeni aisome kwa sauti siku ya kwanza, redio ikiwa imezimwa.

Tarehe zote ninazihifadhi kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la chombo: fataki, vizima moto, boti la uokozi la kujaza upepo, mpira wa gesi, dawa, betri za tochi. Kurasa zinazofuata zina orodha mara mbili, mara ya kwanza kwa namba za makabati na mara ya pili kwa majina ya vitu, kwa alfabeti. Inachosha kuandika mara mbili, lakini maswali nayo ni mawili: wakati mmoja unauliza kilichomo kumi ni nini, wakati mwingine unauliza fyuzi ziko wapi. Anayetoa cha mwisho anaandika, awe nahodha au mgeni. Simu inaweza kubeba picha za kurasa hizo, ila daftari na penseli ndivyo vinavyobaki chomboni.

Kama unaanza na chombo kisichopangwa kabisa, usianze na makabati ya chakula. Siku ya kwanza fanya koki na vizibo vyake, jaketi, na kadi ya redio. Siku ya pili mnyororo na madumu. Mengine yangoje mpaka utakapokipandisha chombo pwani kukipaka rangi chini, kwa kuwa hapo ndipo unapoweza kutoa kila kitu nje, ukakitandaza juu ya turubai, na kuona una shakeli ngapi kumbe huna hata kipini kimoja cha akiba. Kisichojulikana ni cha kazi gani na ambacho hakuna anayekidai hakirudi ndani. Kilichobaki kipewe namba siku hiyohiyo, kabla chombo hakijashushwa majini.